Vyuo vikuu na jamii katika changamoto za uendelevu duniani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya pande mbili: wahadhiri na wanafunzi wanaotaka kazi yao ivuke ukuta wa chuo, na wananchi, asasi na serikali za mitaa wanaotaka kujua chuo kikuu kinaweza kuwafaa kwa lipi. Maswali mazito yamepewa nafasi kubwa, na mepesi tumeyapitia kwa haraka.

Kwa nini chuo kikuu kisifanye utafiti wake peke yake, na jamii ikasubiri matokeo?

Kwa sababu hakuna upande mmoja unaoliona tatizo zima. Mkemia anaweza kupima sumu iliyomo katika maji, lakini hajui nani huteka maji hayo alfajiri, ardhi kilipo kisima ni ya nani, wala kwa nini familia fulani itaendelea kuyatumia hata baada ya kuonywa. Wanaoyajua hayo ni wakazi wa pale, ambao nao hawana namna ya kuiona sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha.

Kisa cha visima vya Bangladesh kinalionyesha jambo hili waziwazi. Kuanzia miaka ya 1970 visima vya pampu vilichimbwa kwa wingi mno nchini humo ili watu waache kunywa maji ya madimbwi yaliyokuwa yakiwaletea magonjwa ya kuhara. Nia ilikuwa njema, lakini maji hayo mapya hayakupimwa aseniki, sumu iliyomo kiasili katika tabaka za udongo wa nchi hiyo. Katika miaka ya 1990 ilibainika kwamba mamilioni ya watu walikuwa wakinywa maji yenye aseniki inayozidi mikrogramu 10 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Kampeni ya kitaifa ikapima takriban visima milioni 5 na kuzipaka rangi pampu zake: nyekundu kwa kisima kilichozidi kiwango cha taifa cha mikrogramu 50, na kijani kwa kile kilichokuwa chini ya hapo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzao wa Chuo Kikuu cha Dhaka, waliofanya kazi kwa miaka mingi katika eneo la Araihazar, walionyesha kwamba kiasi cha aseniki hubadilika sana kutoka kisima kimoja hadi kingine, hata kama vimetenganishwa na hatua chache tu. Maana yake ni kwamba familia nyingi zenye kisima chekundu zilikuwa na kisima cha kijani karibu, na njia mojawapo ya kuwanusuru ilikuwa mama wa nyumba kuruhusiwa kuingia uani kwa jirani na ndoo yake, mara kadhaa kila siku. Ruhusa hiyo hutegemea ujirani, ukoo na heshima ya nyumba, mambo ambayo hayapimwi maabara. Baadaye rangi zilififia na visima vipya vikachimbwa bila kupimwa, kwa hiyo kazi ikalazimika kurudiwa. Hapo ndipo ilipoonekana kwamba kuwaachia wakazi uwezo wa kupima wenyewe kuna thamani kubwa kuliko ripoti moja, hata iwe nzuri kiasi gani.

"Uendelevu" hasa ni nini?

Maelezo yanayotumika zaidi ni yale ya tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland, iliyotoa ripoti yake mwaka 1987: maendeleo yanayokidhi mahitaji ya kizazi cha sasa bila kuvinyima vizazi vijavyo uwezo wa kukidhi mahitaji yao. Mwaka 2015 nchi wanachama wa Umoja wa Mataifa zilikubaliana juu ya Malengo ya Maendeleo Endelevu 17, yenye shabaha 169 za kufikiwa ifikapo mwaka 2030, na lengo la mwisho linahusu ubia.

Tungemshauri msomaji asianze na orodha hiyo. Mradi unaochagua lengo kwanza, kisha ukaanza kutafuta mahali pa kulitekelezea, hufika kwa watu ukiwa na jibu mkononi kabla ya kusikia swali lao. Ni bora kuanza na tatizo linalowasumbua watu, na kulitafutia nafasi katika orodha ya malengo wakati wa kuandika ripoti.

Je, ushirikiano wa namna hii ni jambo jipya?

Hapana. Nchini Marekani, sheria ya mwaka 1862 ilitoa ardhi ya umma kugharamia vyuo vya kilimo na ufundi, sheria ya mwaka 1887 ikaviongezea vituo vya majaribio ya kilimo, na ile ya mwaka 1914 ikaanzisha huduma za ugani ili matokeo ya vituo hivyo yawafikie wakulima. Mfumo huo umeigwa katika nchi nyingi, na ni haki kukumbuka pia kwamba sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imechukuliwa kutoka kwa wenyeji wa asili wa bara hilo, ambao hawakuulizwa.

Nchini Uholanzi, katika miaka ya 1970, vyuo vikuu vilifungua ofisi ambako vikundi vya wananchi visivyo na fedha viliweza kupeleka swali, kwa mfano kuhusu moshi wa kiwanda au maji ya mfereji, na wanafunzi wakalitafiti kama sehemu ya masomo yao chini ya usimamizi wa wahadhiri. Tunaipenda mbinu hii kuliko nyingi zilizokuja baadaye, kwa sababu swali linatoka kwa wananchi na ndipo chuo kinapoanza kazi. Katika miaka hiyohiyo, huko Amerika ya Kusini, mwanasosholojia Orlando Fals Borda wa Kolombia na wenzake walikuwa wakiujenga utafiti shirikishi, ambamo wakulima na wafanyakazi ni watafiti pamoja na msomi na wana sauti juu ya nini kichunguzwe.

Kwa upande wa mazingira, viongozi 22 wa vyuo vikuu walikutana Talloires, Ufaransa, mwaka 1990 na kutia saini tamko la kuviwajibisha vyuo vyao katika ufundishaji, utafiti na uendeshaji wake. Mamia ya vyuo vimetia saini tangu wakati huo. Saini ni rahisi kuliko kazi, na chuo kilichotia saini kinastahili kuulizwa kimefanya nini baada ya hapo.

Mnaposema "jamii", mna maana ya nani?

Swali hili halina jibu moja, na ni hatari kudhani kwamba linalo. Wenye mifugo na wenye mashamba wanaotumia mto mmoja ni jamii moja kwenye ramani, lakini maslahi yao hugongana kila kiangazi. Chuo kikizungumza na mwenyekiti peke yake, kitapata maoni ya mwenyekiti. Wapangaji, vijana, wanawake wasiohudhuria mikutano na watu wenye ulemavu wanaweza kuathirika zaidi na mafuriko au ukame, huku wakiwa wa mwisho kuulizwa. Kabla ya kusaini makubaliano yoyote, timu inapaswa kujua nani hayupo mezani na kwa nini hayupo: pengine mkutano umepangwa saa za kazi, au lugha inayotumika siyo anayoizungumza.

Ushirikiano wa kweli unatofautianaje na kukusanya data tu?

Tazama nani ameandika swali, nani anashika fedha, na nani anayaona matokeo kwanza. Katika ukusanyaji wa kawaida mtafiti huja na hojaji iliyokwisha kuchapwa, huwahoji watu kwa wiki mbili, huaga kwa shukrani, na makala hutoka miaka miwili baadaye katika jarida ambalo mhojiwa hawezi kulisoma, kwa lugha na kwa gharama. Mwaka unaofuata huja mtafiti mwingine na maswali yaleyale. Watu huchoka, nao wana haki ya kuchoka.

Jamii ya Wasan wa Afrika Kusini ilichukua hatua ambayo wengine wanaweza kujifunza kwayo. Baada ya kutafitiwa kwa miongo mingi kuhusu vinasaba, lugha na dawa zao za asili, mara nyingi bila kuelezwa vya kutosha, mwaka 2017 walitoa kanuni zao wenyewe za maadili ya utafiti. Kanuni hizo zinadai heshima, ukweli, haki na kujali, na zinamtaka mtafiti awasilishe mpango wake kwa baraza lao kabla ya kuanza. Ni waliotafitiwa wenyewe walioandika masharti, na vyuo vinatarajiwa kuyafuata.

Katika ushirikiano wa kweli pande zote hukubaliana mapema, kwa maandishi na kwa lugha inayoeleweka kwa wote, kuhusu mambo ambayo baadaye huleta ugomvi: data itahifadhiwa wapi na itakuwa mali ya nani, majina ya nani yatatokea kwenye chapisho, nani analipwa kwa muda wake, na nini kitafanyika endapo matokeo hayatampendeza mmoja wao.

Je, data iliyokusanywa na wananchi inaaminika?

Inaaminika ikiwa utaratibu wa kuikusanya ni mzuri, kama ilivyo kwa data ya mtaalamu. Mfano tunaourudia mara nyingi ni wa mji wa Flint, jimbo la Michigan, Marekani. Mwezi Aprili 2014 mji huo uliacha kununua maji ya Detroit na kuanza kutumia maji ya Mto Flint, bila kuweka kemikali ya kuzuia mabomba yasiliwe na maji. Wakazi walilalamika kuhusu rangi, harufu na vipele vya ngozi, wakajibiwa kwamba maji ni salama. Mkazi mmoja, LeeAnne Walters, hakukubali jibu hilo, na mwaka 2015 yeye na wenzake wakaungana na timu ya mhandisi Marc Edwards wa chuo kikuu cha Virginia Tech.

Timu ilituma pakiti 300 za sampuli, kila pakiti ikiwa na chupa tatu. Maelekezo yalikuwa mafupi. Usifungue bomba kwa muda wa saa sita au zaidi. Kisha fungua na ujaze chupa ya kwanza ya lita moja papo hapo. Acha maji yatiririke sekunde 45 na ujaze ya pili. Subiri hadi dakika mbili na ujaze ya tatu, iliyo ndogo kuliko zote. Chupa ya kwanza hubeba maji yaliyolala ndani ya bomba la nyumba, na zinazofuata huleta maji ya mbali zaidi, kwa hiyo mfuatano huo unasaidia kuonyesha madini ya risasi, sumu ambayo mabomba yaliyoliwa huiachia majini, yanatoka wapi. Wakazi waligawana pakiti mtaa kwa mtaa, wakafundishana, wakakusanya, na zaidi ya 250 zikarudi katika muda wa wiki chache. Sampuli rasmi, kinyume chake, zilikuwa zimechukuliwa kwa maelekezo ya kumwaga maji kwanza kabla ya kupima, jambo linalopunguza risasi inayoonekana.

Majibu ya maabara yalithibitisha risasi nyingi katika nyumba nyingi. Mwezi Septemba daktari wa watoto Mona Hanna-Attisha akaonyesha kwamba kiwango cha risasi katika damu ya watoto wa mji huo kilikuwa kimepanda, na mwezi Oktoba 2015 mji ukarudi kwenye maji ya Detroit. Maabara peke yake isingeweza kuingia katika nyumba zote hizo, na wakazi wasingesikilizwa bila maabara.

Maarifa ya wenyeji yana nafasi gani mbele ya sayansi?

Yana nafasi ya mshirika: yanasikilizwa, yanahojiwa, na yanapimwa, sawasawa na dhana ya profesa. Kuyadharau ni kosa, na kuyatukuza bila kuyachunguza nako hakumsaidii yeyote.

Nchini Indonesia, katika miaka ya 1970 na 1980, mashamba ya mpunga yalinyunyiziwa dawa kwa wingi kwa kuhimizwa na serikali, na mdudu mmoja mdogo wa kahawia anayefyonza mabua akazidi kuongezeka. Watafiti waligundua sababu: dawa ilikuwa ikiwaua buibui na wadudu wengine wanaomla. Mwaka 1986 serikali ilipiga marufuku matumizi ya dawa 57 katika mpunga, na mwaka 1989, kwa msaada wa Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, yakaanza mashamba darasa. Kila wiki kundi la wakulima liliingia shambani, likahesabu wadudu kwenye mashina, likachora kwenye karatasi kubwa lililoyaona, adui upande mmoja na rafiki upande mwingine, kisha likajadiliana kama kunyunyizia kunahitajika. Mkulima aliyefuga buibui na mdudu ndani ya chombo kimoja na kuona nani anamla nani hakuhitaji tena kuhubiriwa. Mbinu hiyo imeenea katika nchi nyingi za Asia na Afrika.

Pale maarifa yanapoweza kuzaa fedha, sheria inahitajika. Mmea wa hudia, ambao Wasan waliutafuna kuzuia njaa na kiu safarini, ulisajiliwa hataza, yaani haki ya kipekee ya kunufaika na uvumbuzi, na taasisi ya utafiti ya Afrika Kusini katika miaka ya 1990 bila wao kushirikishwa. Makubaliano ya kugawana mapato yalikuja mwaka 2003, baada ya malalamiko. Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu matumizi ya rasilimali za kijenetiki za viumbe hai, iliyopitishwa mwaka 2010 na kuanza kutumika mwaka 2014, inazitaka nchi zilizoiridhia zihakikishe kuna ridhaa ya mapema na mgawanyo wa haki wa manufaa. Mtafiti anayekusanya mimea au maelezo ya tiba anapaswa kuifahamu kabla ya kufunga safari.

Nani alipie?

Aghalabu fedha hutoka kwa mfuko wa utafiti, serikali au mfadhili wa nje, na hupitia akaunti ya chuo. Hilo halina ubaya, ila asiyeshika fedha hukosa nguvu ya kusema hapana. Tunapendekeza bajeti ya mshirika wa jamii iandikwe kwa jina lake tangu mwanzo, ikijumuisha malipo ya muda wa watu, usafiri, tafsiri na malezi ya watoto wakati wa mikutano. Kumlipa mshauri wa kigeni kwa siku na kumtarajia kiongozi wa kikundi cha maji ajitolee ni dhuluma ambayo imezoeleka mno.

Kuna pia tatizo la muda. Ruzuku nyingi ni za miaka miwili au mitatu, ilhali uaminifu peke yake unaweza kuchukua mwaka mzima kujengeka, na msitu au ardhioevu hurejea katika hali yake kwa miongo. Wafadhili wanaosoma hapa wangefanya jambo kubwa kwa kutoa fedha ndogo ya maandalizi, ya kukaa na watu na kuandika swali pamoja kabla pendekezo kamili halijatakiwa.

Kwa nini wahadhiri wengi hawajiingizi katika kazi hii?

Kwa sababu vyuo vingi vinawapandisha vyeo kwa idadi ya makala na hadhi ya majarida. Mhadhiri aliyetumia miaka mitatu kuisaidia halmashauri kupunguza taka anaweza kupitwa na mwenzake aliyeandika makala sita bila kutoka ofisini. Tamko lililoandaliwa San Francisco mwezi Desemba 2012 na kutolewa mwaka uliofuata liliwataka waajiri na wafadhili waache kumpima mtafiti kwa hadhi ya jarida na watazame kazi yenyewe. Pendekezo la UNESCO kuhusu sayansi huria la mwaka 2021 nalo linahimiza ushiriki wa jamii na mazungumzo na mifumo mingine ya maarifa. Mkuu wa chuo anayetaka ushirikiano ukue ana uwezo wa kuanza kesho kwa kubadilisha fomu ya kupandishia vyeo, na bila hatua hiyo hotuba zake kuhusu jamii zitabaki hewani.

Wanafunzi wana nafasi gani?

Ni kubwa, lakini inahitaji uangalifu. Kila muhula huleta wanafunzi wapya, na jamii inaweza kujikuta ikieleza tatizo lake upya kila baada ya miezi minne. Mwanafunzi anahitaji mafunzo kabla ya kutumwa, na lazima awepo mhadhiri mmoja ambaye habadiliki, anayejulikana kwa jina na anayepokea simu. Tasnifu isiyorudishwa kwa waliohojiwa, walau kwa muhtasari wa kurasa mbili katika lugha yao, isihesabiwe kuwa imekamilika.

Je, chuo kianze kwa kusafisha nyumba yake?

Ndiyo, na kifanye hivyo huku kikiendelea na kazi ya nje. Chuo kikubwa kinatumia nishati, maji na karatasi kama mji mdogo. Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, tangu mwaka 2000 kinapoza majengo yake kwa baridi ya maji ya kina cha Ziwa Cayuga, mfumo uliopunguza umeme wa kupoza kwa zaidi ya asilimia 80, na bomba lake linaihudumia pia shule ya sekondari ya mji. Wanafunzi nao wameuliza fedha za vyuo zimewekezwa wapi: vuguvugu la kutaka vyuo viuze hisa za kampuni za makaa, mafuta na gesi lilianzia mwaka 2011 katika chuo cha Swarthmore, na mwaka 2020 Chuo Kikuu cha California kilitangaza kwamba kimejiondoa kabisa katika uwekezaji huo.

Vipi kuhusu kushirikiana na kampuni?

Kampuni ni sehemu ya jamii, na zipo teknolojia za nishati na taka ambazo hazitaenea bila wao. Sharti letu ni moja: mkataba usimpe mfadhili haki ya kuzuia matokeo yasichapishwe, na watu watakaoathirika waujue mkataba huo kabla ya kuhojiwa.

Matatizo ni ya dunia nzima. Kazi ya kijiji kimoja au mtaa mmoja inasaidia nini?

Inasaidia kwa njia mbili. Kwanza, picha ya dunia hujengwa kwa vipimo vya mahali. Mwaka 1958 Charles David Keeling, wa taasisi ya Scripps ya Chuo Kikuu cha California, alianza kupima hewa ukaa juu ya mlima Mauna Loa huko Hawaii. Wakati huo ilikuwa karibu sehemu 315 kwa milioni, na leo imepita 420. Zaidi ya mara moja fedha za vipimo hivyo zilitishiwa kukatwa, kwa kuwa kupima kitu kilekile kila siku kulionekana si sayansi mpya. Bila subira yake tusingekuwa na mchoro ambao leo kila mwanafunzi wa tabianchi anaujua.

Pili, masuluhisho ya mahali yanaweza kufundisha dunia. Elinor Ostrom wa Chuo Kikuu cha Indiana, mwanamke wa kwanza kupata Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alitumia maisha yake kuchunguza jinsi watu wanavyotunza misitu, maeneo ya uvuvi na mifereji wanayoimiliki kwa pamoja. Nchini Nepal yeye na wenzake waliona kwamba mifereji ya udongo na mawe inayosimamiwa na wakulima wenyewe mara nyingi iliwafikishia maji walio mwisho wa mfereji vizuri kuliko mifereji ya zege iliyojengwa na kusimamiwa na serikali. Sababu ilikuwa katika kanuni: wakulima walipanga zamu, walisafisha mfereji pamoja na kumtoza faini aliyekiuka. Mfereji wa zege ulipojengwa, walio juu hawakuwahitaji tena walio chini kwa ajili ya matengenezo, na makubaliano yakalegea.

Njia inaweza pia kwenda upande wa pili, kutoka maabara hadi sheria ya dunia. Mwaka 1974 Mario Molina na Sherwood Rowland, wakiwa Chuo Kikuu cha California kule Irvine, waliandika kwamba gesi zilizotumika katika majokofu na makopo ya kupulizia zingeharibu tabaka la ozoni, linaloikinga dunia dhidi ya miale hatari ya jua. Wenye viwanda walipinga vikali. Wanunuzi wengi nchini Marekani walianza kuyaacha makopo hayo kabla serikali haijayazuia mwaka 1978, na Itifaki ya Montreal, makubaliano ya kimataifa ya kuachana na gesi hizo, ikafuata mwaka 1987. Hatimaye iliridhiwa na nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa, na tabaka hilo linaelekea kupona.

Sisi ni kikundi cha wananchi. Tuanzie wapi?

Andikeni tatizo lenu katika ukurasa mmoja: nini kinatokea, tangu lini, mmekwisha kujaribu nini, na mnataka kujua nini. Pigeni picha na wekeni kumbukumbu zenye tarehe. Kisha tafuteni idara inayohusika, siyo ofisi ya mkuu wa chuo. Mhadhiri mmoja mwenye nia ni bora kuliko barua kumi zilizopigwa mhuri. Katika kikao cha kwanza muulize maswali yenu nanyi: amewahi kufanya kazi wapi, tunaweza kuzungumza na watu wa huko, na matokeo yatarudi kwetu lini. Mna haki ya kukataa, na mna haki ya kujitoa katikati.

Msisubiri pia kibali cha wataalamu kwa kila jambo. Wangari Maathai alikuwa mhadhiri wa anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi alipowasikia wanawake wa vijijini wakieleza kwamba kuni na maji safi vinazidi kuwa mbali. Mwaka 1977 alianzisha kazi ya kupanda miti pamoja nao. Baadhi ya wataalamu wa misitu hawakuamini kwamba wanawake wasio na stashahada wanaweza kuotesha miche. Wanawake hao, waliokuwa wameotesha mazao maisha yao yote, waliotesha miti kwa ujuzi uleule, na kufikia mwaka 2004 alipotunukiwa Tuzo ya Nobel ya Amani zaidi ya miti milioni 30 ilikuwa imepandwa.

Tutajuaje kwamba ushirikiano umefaulu?

Idadi ya warsha na ya waliohudhuria haisemi mengi. Rudini baada ya miaka mitatu, mradi ukiwa umekwisha na gari lenye nembo halionekani tena, muulize mambo machache. Je, kuna mtu pale anayejua kukitumia kifaa cha kupimia, na vipuri vyake vinapatikana? Daftari la vipimo liko wapi, na ukurasa wake wa mwisho una tarehe gani? Je, halmashauri ilibadilisha kanuni yoyote kwa sababu ya matokeo yale? Na lilipozuka tatizo jingine, ambalo halikuwamo katika mradi, je, wakazi walimpigia simu mhadhiri yuleyule?